Mkono Uleule

Siku Fundi Vuai alipotaka kuchora tena, hakutaka kusikia la mtu. Aliingia karakana asubuhi, tanuri likiwa ndiyo kwanza linashika moto, amevaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Mfukoni amechomeka brashi ya manyoya ya mbuzi, ambayo haikuwa imeonja rangi tangu mkewe alipolala kitandani kuugua.

"Nipe kigae kibichi," alimwambia binti yake.

Shuwena ndiye aliyekuwa mwangalizi wa karakana ile na mitambo yake yote. Aliutazama mkono wa kulia wa baba yake. Ulikuwa ukitetemeka. Siku hizi ulitetemeka hata akiwa usingizini, na chai aliinywea bakuli kwa mikono miwili.

"Shikamoo kwanza, Baba."

"Marahaba. Nipe kigae."

"Cha nini?"

"Cha kaburi la mama yako. Watu wote wa Kidakani makaburi yao yana kigae kichwani, la mke wa fundi liko tupu. Unaona sawa wewe?"

"Hilo dogo, Baba. Namwambia Biarusi sasa hivi, adhuhuri haifiki kiko tayari. Mkono wako anao wote."

"Huyo Biarusi wenu ndiye aliyekaa na Kazija, mama yako, nyumba moja?"

Mlangoni mtu aliangua kicheko. Alikuwa Bi Mize, shoga wa marehemu Kazija na jirani yao wa ukuta kwa ukuta, ambaye tangu msiba ndiye aliyehakikisha kwamba mzee anakula. Alikuwa amemfuata na kibuyu cha uji.

"Mpe, mwanangu," alisema. "Tuone atatoa ua au atatoa mjusi."

"Shemeji, mdomo wako huo," alisema Fundi Vuai, lakini alitabasamu, na Shuwena hakuwa ameliona tabasamu lile siku nyingi. Akampa kigae.

Biarusi ilikuwa mashine. Ilikaa katikati ya karakana, imezungushiwa pazia jeupe ili vumbi la udongo lisiingie ndani, na watu wa Kidakani, ambao hawana kitu wasichokibandika jina la utani, wakaiona inafanana na mwari anayesubiri harusi. Ilikuwa na jina lake refu la kihandisi. Hakuna aliyelikumbuka, hata mhandisi mwenyewe.

Kama si hiyo Biarusi, Kidakani ingekuwa magofu. Joto lilipoanza kuua watu ndani ya nyumba zao, wamekaa kitako wanashona kofia, miji ya jirani ilihama. Kidakani ilikuwa na vigae. Tangu enzi na enzi nyumba zake zilipambwa kwa vigae vya udongo vilivyochorwa kwa mkono, ua la asumini katikati na mkufu pembeni, na Mhandisi Ngwali, mtoto wa hapo hapo aliyesomea mambo ya maji, alijiuliza ingekuwaje kama mistari ile isingekuwa rangi tu bali mishipa. Akachapa vigae vyenye uwazi mwembamba chini ya rangi, unaofuata njia ile ile ya ua na mkufu, akavitia maji kwa chini. Maji yakapanda yenyewe, yakatoka jasho usoni mwa kigae, na chumba kikapoa.

Ila yalipanda kwa mistari ya Fundi Vuai peke yake. Mistari aliyoichora Ngwali kwa kompyuta, iliyonyooka na kulingana, maji yaliikataa. Yalifika nusu ya ukuta yakasimama. Mstari wa Vuai ulinenepa tumboni, ukakonda shingoni, ukanenepa tena, na hapo ndipo maji yalipopata pa kushikia. Mwenyewe alipoulizwa siri yake alisema hana habari ya maji. Alichora hivyo kwa sababu aliyemfundisha alikuwa akimzaba kofi asipochora hivyo.

Basi wakamfundisha Biarusi mkono wa Vuai. Si michoro yake tu, bali mkono: unavyoanza, unavyopumzika, unavyomaliza. Biarusi akaweza kuchora ukuta ambao Vuai hakuwahi kuuona, na ukawa wa Vuai. Kila nyumba, skuli, wodi ya wazazi, vyote vilivaa vigae hivyo, na kutwa vimashine vyenye miguu mingi, ambavyo watu waliviita kaa, vilitambaa kutani vikibandua kigae kilichochoka na kubandika kipya. Kigae ambacho Biarusi hakukitambua, kaa walikihesabu kuwa uchafu.

Ndiyo maana hata kigae cha kaburi kilibidi kipite mbele ya Biarusi. Ukuta wa makaburini nao ulikuwa mikononi mwa kaa.

Fundi Vuai alichora asubuhi nzima. Bi Mize, aliyekuja kucheka, baada ya muda aliugeuzia uso wake dirishani. Brashi ilikuwa ikiruka. Ua lilivunjika kila petali, na mkufu ulikwenda kama njia ya mlevi. Mzee alitoka jasho, akauma midomo, mara mbili akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto akaulazimisha. Alipomaliza alikiweka kigae mezani kwa taratibu sana, akakitazama.

"Angenicheka," alisema. "Halafu angekiweka."

Shuwena alikichukua kigae, akakiingiza nyuma ya pazia. Mwanga wa Biarusi ulipita juu yake, ukarudi, ukapita tena. Kisha ikaja ile sauti ya kike, ya upole, ambayo Ngwali aliichagua ili watoto wasiiogope.

"Nimeona mistari isiyofanana na niliyonayo. Shahidi wa ukoo, je, huu ni mkono uleule?"

Sheria hiyo baraza la mji ndilo lililoiweka, kwa kuogopa waghushi. Kila kazi mpya ya mwenye mkono iliulizwa, na mtu wa damu yake akajibu. Mpaka siku ile Shuwena alikuwa hajawahi kuulizwa, kwa kuwa baba yake alikuwa hajachora. Akijibu hapana, tanuri halitakichoma.

Aligeuka. Fundi Vuai alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono ukimtetemeka pajani, anamtazama. Hakuwa na wasiwasi wowote. Kwa nini awe nao? Anayeulizwa ni mwanawe.

Mtoto aliyelelewa Kidakani anajua kwamba hamtaji mzazi wake kwa jina, hakai juu yake, na hamwambii amezeeka. Sasa huyu atamwambiaje mbele ya jirani kwamba yeye si yeye tena? Na kigae ni kimoja tu, kati ya vigae visivyo idadi.

"Ndiyo," alisema Shuwena. "Ni uleule."

"Ahsante," alisema Biarusi. "Nimejifunza."

*

Mvua za masika zilikuja, zikapita. Kaa walifanya kazi yao ya kila mwaka ya kuvua mji vigae vilivyochoka na kuuvalisha vipya, na watu wakasifu. Walisema vigae vya safari hii vimechangamka, maua yanataka kuruka. Bi Mize alikuja kumpongeza Fundi Vuai hadi kibarazani kwake, na mzee akasema hajui kitu, waulizwe wenye mashine. Kigae chake kilikuwa kichwani mwa kaburi la Kazija. Kila Alhamisi alasiri alikwenda kukipangusa kwa pembe ya kanzu.

Kisha ikaja kaskazi.

Nyumba ya kwanza kukauka ilikuwa ya mwalimu mmoja upande wa kisimani. Mhandisi Ngwali alisema ni bomba. Zikafuata nyingine. Kuta zilitoka jasho mpaka usawa wa kiuno, na juu ya hapo zilikuwa kavu, zina joto kama upande wa chungu. Watu walianza kulala sakafuni.

"Chumvi, dada Shuwena," alisema Ngwali. Alikuwa amekonda kwa kukosa usingizi. "Kisima kimeingia chumvi, inaziba mishipa. Nabadilisha machujio yote. Wewe niangalizie vigae vyenyewe, sitaki tuambiwe kosa ni letu."

Shuwena alibandua kigae kimoja kikavu, akakiinua dirishani dhidi ya jua. Mishipa ilionekana yote. Petali ya asumini ilikuwa imevunjika. Mstari ulikuja vizuri, ukaruka pembeni, ukarudi, na pale uliporuka palikuwa na povu dogo la hewa limekaa, maji yamesimama chini yake. Mruko mwingine, povu jingine. Alibandua cha pili, cha tatu. Havikuwa vimeziba kwa chumvi. Vilikuwa vimetetemeka.

Alikwenda kwenye pazia, akamwambia Biarusi achore ua moja, na Biarusi akachora, kwa ule mwendo wake wa uhakika, ua linalotikisika kuanzia shina hadi ncha.

Biarusi hakuwa amekosea kitu. Aliambiwa kwamba mkono ni uleule, na mkono wa mtu ni ule alio nao leo. Mistari minono ya zamani ilikuwa ya ujanani, imepitwa. Ndivyo alivyofundishwa kufikiri, amfuate mwenye mkono popote anapokwenda. Sasa mtetemo ulikuwa ndio mkono, na kile kilichobaki kilikuwa mazoezi.

Shuwena alisoma namna ya kulirudisha jambo hilo nyuma, akaisoma tena kwa kuwa hakutaka iwe ndivyo ilivyo. Shahidi aliyekubali sharti akane. Akane mbele ya mwenye mkono, naye akiwa hai na akili zake timamu. Baraza liliogopa watoto wanaowakana wazee wao kwa siri. Na mkono ukishakanwa, umekanwa. Chochote atakachochora Vuai tangu siku hiyo kitakuwa cha mtu baki, tanuri halitakipokea, na vilivyokwisha kubandikwa kaa watavibandua. Kigae cha makaburini kikiwamo.

Ilikuwa adhuhuri. Angeweza kwenda kwa baba yake saa ile ile, hatua chache tu. Badala yake alikifunika kigae kwa kitambaa, akajiambia kwamba atamwambia jioni, akiwa amekula, au kesho, jua likiwa halijapanda. Alihitaji kupanga maneno. Alijiambia kwamba mji umevumilia wiki nzima na hautashindwa na nusu siku.

Alasiri ile Bi Mize alijilaza chumbani kwake apumzike, mgongo umeelekea ukutani kama alivyozoea kwa ajili ya ubaridi. Ukuta ulikuwa mkavu. Walipokwenda kumwamsha kwa sala ya magharibi hakuamka.

*

Matanga yalikaliwa kibarazani kwa Bi Mize, chini ya turubai, wanaume nje na wanawake ndani. Shuwena aliwatilia watu kahawa, akapokea pole, akasikia wanawake wakisema ni ajali ya Mungu. Kila aliyesema hivyo alimchoma. Alikuwa amesaidia kumwosha. Alijua namna ngozi ya Bi Mize ilivyokuwa imekauka, na midomo ilivyopasuka, na alijua ni nusu siku ya nani iliyomuua.

Kupitia mlangoni aliwaona wanaume. Baba yake alikuwa amekaa mwisho wa jamvi, ameegemea ukuta wa nyumba ya marehemu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepanda kutani wenyewe, kama mkono wa fundi yeyote unavyopanda penye kazi, na vidole vilikuwa vikifuata ua la asumini lililochomoza kidogo chini ya rangi. Vilikwenda, vikasimama. Vikarudi mwanzo wa petali, vikaenda tena.

Kisha Fundi Vuai alikiweka kiganja chake juu ya ua, akakiacha pale kikitetemeka. Shuwena, aliyesimama na birika mkononi, aliona kwamba mkono na mstari vilikuwa vikienda pamoja.

Mzee aliuondoa mkono kutani. Hakumtazama binti yake. Alimwomba mtu aliyekuwa jirani yake amsaidie kuinuka, akasema anakwenda kujinyoosha kidogo.

Asubuhi ya pili Shuwena alimkuta karakana ameshafika, amekaa kwenye kigoda mbele ya pazia. Safari hii hakuwa na kanzu ya Ijumaa. Alikuwa na shuka na fulana, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Tangu lini unajua?"

Shuwena alitaka kusema uongo. Uongo mzuri ulikuwa tayari mdomoni: chumvi, kisima, machujio. "Siku ile aliyokufa," alisema. "Adhuhuri."

Fundi Vuai alifumba macho.

"Ukanificha."

"Nilishindwa, Baba. Nilitaka nikuambie vizuri."

"Jambo hili lina vizuri yake?"

Shuwena alipiga magoti pale sakafuni, kilio alichokizuia matanga yote kikamtoka kwa kwikwi. Alimwomba radhi. Alisema ni yeye aliyesema ndiyo, si mashine, si mkono wa mtu. Angesema hapana siku ile Bi Mize angekuwa hai. Mzee hakumwinua. Alimwacha alie, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza na nafsi yake.

"Ungesema hapana siku ile ningekuapiza. Usidhani ningekuelewa." Alipangusa uso wake kwa ncha ya shuka. "Nilikaa hapa nikakuona unanitazama. Nilijua kile kigae ni kibaya. Mtu amechora tangu ubwabwa haujamtoka shingoni, hajui kazi mbaya? Nilijua. Nikanyamaza, kwa kuwa nilitaka nisikie mtu akisema bado ni mie."

Nje, upande wa wodi ya wazazi, watu walikuwa wakipokezana ndoo za maji kuzirushia kuta. Kelele zao zilifika ndani.

"Kutengeneza kunatakiwa nini?" aliuliza.

Shuwena alimweleza. Alimweleza yote bila kuficha, kwamba ni lazima akane na ni lazima mwenyewe awepo asikie, na kwamba baada ya hapo hakuna kazi yake yoyote itakayopokelewa Kidakani, hata ua moja.

"Na kile cha mama yako?"

"Watakibandua, Baba."

"Lini?"

"Leo. Pengine kabla hatujafika nyumbani."

Alikubali kwa kichwa, pole pole. Shuwena aliona anavyopigana na jambo hilo, taya zikimcheza, na kwa mara ya kwanza alitamani baba yake akatae. Akikataa, kosa litakuwa la wawili. Mji utahama kama miji mingine, watu watapakia magodoro, na yeye hatakuwa amelisema neno lile.

"Kuna mtoto amezaliwa jana pale," alisema Fundi Vuai, akionyesha kwa kidevu upande wa zile kelele. "Nimesikia wakipita. Haya. Mwambie Biarusi."

"Baba..."

"Nimekwambia mwambie, Shuwena. Usinifanye niseme mara tatu."

Shuwena alisimama, akafungua pazia kidogo, akalitaja shauri analotaka kulibadili. Mwanga uliwaka. Kigae cha makaburini kilitokea kiooni, petali zake zote zilizovunjika, mkufu wake wa kilevi, na pembeni yake mstari wa zamani, mnono, mtulivu. Kwa macho yoyote yale vilikuwa vya watu wawili.

"Shahidi wa ukoo," ilisema ile sauti ya upole. "Je, huu ni mkono uleule?"

Alimwangalia baba yake. Mzee alikuwa ameutazama mkufu kiooni, hakuyaondoa macho.

"Hapana," alisema Shuwena.

"Sema kwa sauti, tafadhali."

"Hapana! Si mkono wake."

"Mwenye mkono, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Fundi Vuai.

"Umeridhika?"

Hapo alichelewa. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukigonga gonga ubavu wa kigoda, naye akaukamata kwa wa kushoto, akaushika kwa nguvu.

"Nimeridhika."

Nyuma ya pazia Biarusi aliunguruma kidogo. Mahali fulani ndani ya mji kaa walisimama kutani, wote kwa pamoja, kisha wakaanza kutembea tena. Tanuri lilianza kuvuta moto kwa ajili ya vigae vipya, vya ule mkono mwingine, ulionenepa tumboni na kukonda shingoni. Shuwena alidhani imekwisha. Alishika bega la baba yake ili amwinue.

"Kazi hii ya kigae cha kaburi haina mwenyewe," ilisema sauti. "Siwezi kuifunga bila mwenyewe. Huu ni mkono wa nani?"

Shuwena hakujua kwamba swali hilo lipo. Alijaribu kutafuta jina lolote, la marehemu yeyote, la mtu wa kubuni, na kila jina lililomjia lilikuwa la baba yake.

Fundi Vuai aliinamia pazia, kama anayezungumza na mtu mzima mwenzake ambaye hasikii vizuri.

"Wa mpita njia," alisema. "Alipita hapa akaomba brashi, tukampa."

"Jina lake?"

"Hakuacha jina."